Chanjo ya Kansere ya Mulango wa Kizazi: Maswali ya Wasichana na Majibu Yake



Tangu habari ya chanjo ya wasichana kuanza kuzunguka mu kilasi, ku kisima na ku njia ya kanisa, sisi wa Kikundi cha Afya tuliweka kisanduku karibu na mulango wa maktaba. Tuliomba kila musichana aandike swali ao neno linalomusumbua, pasipo kutia jina lake. Tulifikiri tutapata karatasi tano ao sita. Tulipata nyingi, na zingine zilikunjwa mara ine sawa feza ya kuficha.

Tulizisoma zote. Wachache tu wanasema "hapana" kabisa. Wengi wanasema "naogopa", kisha wanaandika sababu. Hapa tunazichukua sababu zile moja moja na kuzijibu kwa mambo tuliyojifunza kwa wanganga na katika vitabu. Lakini kwanza tuelewe ugonjwa wenyewe, maana mutu hawezi kuchagua ngao kama hajui mushale unatoka upande gani.

1. UGONJWA WENYEWE

Mu tumbo la mwanamuke kuna nyumba ya mutoto, ni kusema kizazi. Kizazi kina mulango wake upande wa chini. Kansere (wenzetu wa Tanzania wanaiita saratani) inaanza wakati chembe za mwili zinapoacha utaratibu wao, zinaongezeka ovyo na kula sehemu zingine. Ikianzia pa mulango ule, ndiyo kansere ya mulango wa kizazi.

Katika mwaka 2022, wanawake karibu 660,000 duniani walipatikana na kansere hiyo, na karibu 350,000 walikufa nayo. Kati ya kila 100 waliokufa, 94 walikuwa wa inchi zenye mapato madogo ao ya katikati, sawa inchi zetu. Wanawake wa Ulaya wanaugua vile vile, lakini wengi wao wanapimwa mapema, ugonjwa ungali mudogo. Mama zetu wanafika ku hospitali wakati damu inatoka pasipo siku zake, harufu imeanza, na maumivu yamefika mugongoni. Wakati ule kazi ya munganga imekuwa nguvu sana.

Mu vijiji watu wanasema mama yule alirogwa, ao alikuwa na mwenendo mubaya. Maneno hayo yanamuongezea mugonjwa haya juu ya maumivu, na haya inamufanya anyamaze. Ukweli ni kwamba kansere hii ina chanzo kinachojulikana. Ni kijidudu kidogo sana, virusi vya papiloma, ambavyo wanganga wanaviandika kwa herufi tatu: HPV. Mutaalamu Harald zur Hausen wa Ujerumani, pamoja na wenzake, walipata aina ya 16 ndani ya kansere hiyo katika mwaka 1983, na aina ya 18 katika mwaka 1984. Kwa kazi hiyo alipewa zawadi ya Nobel katika mwaka 2008. Kuna aina nyingi za HPV, lakini hizo mbili peke yake zinaleta karibu 70 kwa 100 ya kansere zote za mulango wa kizazi.

Kuna mwanamuke moja ambaye kila mwanafunzi wa biolojia angepaswa kujua jina lake. Ni Henrietta Lacks, mwanamuke mweusi wa Marekani, mulimaji wa tumbako, mama wa watoto watano. Alikufa kwa kansere hii katika mwaka 1951, na umri wake ulikuwa miaka 31 tu. Wanganga walichukua chembe za kansere yake pasipo kumuuliza, na chembe zile zingali zinaishi mu maabara ya dunia nzima. Miaka mingi baadaye walipozichunguza, walikuta ndani yake HPV aina ya 18. Tunaandika habari yake kwa sababu mbili. Ya kwanza, ugonjwa huu haukuanza jana. Ya pili, yeye hakuulizwa. Ninyi mutaulizwa, na munayo haki ya kuuliza pia.

2. KIJIDUDU HIKI KINAPITA WAPI?

HPV inapita wakati ngozi ya sehemu za siri inapogusana, hasa katika tendo la ndoa. Ni kitu cha kawaida kuliko tunavyofikiri. Karibu kila mwanamume na kila mwanamuke anayefanya tendo hilo anaipata siku moja mu maisha yake, na mara nyingi hajui, maana haiumi wala haionekani. Mwili wenyewe unaifukuza, mara nyingi kwa muda wa mwaka moja ao miwili.

Lakini kwa wanawake wengine kijidudu kinabaki. Kinakaa kimya, kinaharibu chembe za ule mulango polepole. Tangu siku ya kuambukizwa mpaka kansere, kwa kawaida inapita miaka 15 ao 20. Kwa mwanamuke mwenye kinga zaifu, kama yule mwenye virusi vya sida asiyepata dawa, inaweza kuwa miaka 5 mpaka 10. Mwanamuke mwenye virusi vya sida ana hatari mara 6 kuliko mwingine.

Fanyeni hesabu kidogo. Musichana akipata kijidudu na miaka 19, anaweza kuanza kuugua na miaka 37. Ni wakati gani huo? Ni wakati ana watoto ine ao watano, mukubwa yuko sekondari, mudogo angali ku mugongo. Ni wakati shamba ni lake, soko ni lake, na nyumba nzima inamuegemea. Kansere hii haichukui bibi kizee tu. Inachukua mama katikati ya kazi yake.

3. CHANJO INAFANYA NINI?

Wakati wataalamu Jian Zhou na Ian Frazer walikuwa wakifanya kazi mu Brisbane, inchi ya Australia, katika mwaka 1991, walipata namna ya kutengeneza ganda la HPV pasipo kitu cha ndani. Ni sawa ganda la yai lisilo na yai. Hata kuku alilalie mwezi mzima, halitatoa kifaranga. Vivyo hivyo ganda hilo haliwezi kuleta ugonjwa, maana hakuna virusi hai ndani yake.

Lakini mwili haujui kwamba ganda ni tupu. Unaliona, unalitambua sawa mugeni mubaya, na unatengeneza askari wa kulipiga. Siku virusi vya kweli vitakapofika, askari wanajua sura yao na wanavikamata pa mulango.

Askari hao wanalinda mulango. Hawawezi kumutoa mwizi aliyeingia zamani na kulala ndani ya nyumba. Mutu akisha kupata HPV, chanjo haiifukuzi. Kwa hiyo Shirika la Afya la Dunia, tunalolijua kwa jina la OMS, linaomba wasichana wapewe chanjo kati ya miaka 9 na 14, mbele kijidudu hakijapata nafasi. Neno hili lishikeni vizuri, maana linajibu swali la kwanza la kisanduku.

4. KARATASI ZA KISANDUKU

"Shiye hatuyayua banaume. Juu ya nini banatuletea shindano ya ile magonjwa?"

Ni kwa sababu hamujawajua. Ndiyo saa yenyewe. Tunatengeneza paa la nyumba mbele ya mvua, na mutu anayetengeneza paa mwezi wa nane hatuseme kwamba anaita mvua. Mutoto anachanjwa surua akiwa mudogo, na hakuna anayesema amekwenda kutafuta surua.

"Batu batasema niko ndumba."

Karatasi za namna hii zilikuwa nyingi kuliko zote, na tunaamini ni hapa moyo wa jambo ulipo. Dada, sikiliza. Chanjo hii haiulizi mwenendo wako. Inatolewa kwa kilasi nzima, kwa binti wa muchungaji na kwa binti wa muuza pombe, kwa sababu hakuna ajuaye njia ya maisha ya mutu. Tuseme wewe umejilinda vizuri mpaka siku ya arusi, kama tunavyofundishwa. Tuseme bwana wako ni mwaminifu. Lakini kama yeye alikuwa na mwanamuke mwingine mbele hajaokoka, ao ni mujane aliyeoa tena, anaweza kuwa na HPV pasipo kujua, na atakuletea mu nyumba ya ndoa takatifu. Usafi wako hauzuii kijidudu cha mwingine. Na wataalamu wa inchi mbalimbali waliwalinganisha wasichana waliochanjwa na wale wasiochanjwa: wale waliochanjwa hawakuanza mambo ya wanaume mapema kuliko wenzao.

"Banasema ukipata ile shindano, hautazala."

Habari hii ni ya zamani kuliko chanjo yenyewe. Ilisemwa juu ya chanjo ya polio pia. Mu Nigeria ya kaskazini, katika mwaka 2003, jimbo la Kano na mengine yalisimamisha chanjo ya polio kwa sababu ya uvumi wa utasa. Kano ilisimamisha karibu mwaka muzima. Polio ikawashika watoto, miguu ikakauka, kisha ikavuka mipaka mpaka inchi zilizokuwa zimeisha kuifukuza. Uvumi ulipita, miguu haikurudi.

Juu ya chanjo ya HPV, kamati ya OMS inayochunguza usalama wa chanjo iliangalia jambo hili katika mwaka 2017. Wakati ule dozi zaidi ya milioni 270 zilikuwa zimekwisha kutolewa duniani. Haikupata ushuhuda kwamba inaleta utasa. Lakini kansere yenyewe inaleta utasa kweli. Ikipatikana kwa kuchelewa, mara nyingi wanganga wanatoa kizazi kizima, ao wanakichoma kwa miale. Anayetaka kuzaa siku moja, chanjo hii inalinda kizazi chake.

"Juu ya nini batoto banamuke tu? Na bale banaume?"

Swali zuri. Wavulana nao wanapata HPV na wanaipitisha, na inaweza kuwaletea kansere zingine, kama ya koo. Australia ilianza kuwachanja wavulana katika mwaka 2013, na Uingereza katika mwaka 2019. Lakini mwaka ule ule wa 2019 dozi zilikuwa chache duniani, na wataalamu wa OMS waliomba inchi zingoje kwanza kwa wavulana na watu wakubwa, mpaka wasichana wa inchi zote wapate. Wasichana wanatangulia kwa sababu wao ndio wenye mulango wa kizazi. Na wasichana wengi wakichanjwa, kijidudu kinapunguka hata kwa wavulana. Kwa hiyo kaka, musicheke mwenzenu akitoka na pamba ku mukono. Anawalinda ninyi pia, na mama wa watoto wenu wa kesho.

"Ni ya bure. Kitu ya bure iko na kitu ndani. Banatujaribisha."

Hatusemi kwamba wazee wanaosema hivi ni wajinga. Mu inchi yetu, kati ya mwaka 1957 na 1960, wakati wa Wabelgiji, watu zaidi ya 200,000 wa Ruzizi, na kisha watoto wa Léopoldville, walipewa chanjo ya polio iliyokuwa ingali katika majaribio. Mutu anayekumbuka mambo hayo ana haki ya kuuliza.

Basi tuulize: chanjo ya HPV ilianza na nani? Ilianza na watoto wa matajiri. Marekani iliikubali katika mwaka 2006. Australia ilianza ku masomo katika mwaka 2007, Uingereza katika mwaka 2008, kwa wasichana wa miaka 12 na 13. Wasichana wale ni wanawake sasa, wengi wamezaa. Katika mwaka 2021 wataalamu waliangalia hesabu za Uingereza: kwa wale waliochanjwa na miaka 12 ao 13, kansere ya mulango wa kizazi ilikuwa imepunguka kwa 87 kwa 100. Mu Scotland, uchunguzi uliotolewa katika mwaka 2024 haukupata hata mugonjwa moja kati ya wale waliopata dozi zote na umri ule. Sisi Waafrika hatukuwa wa kwanza katika mustari. Kama tuna haki ya kulalamika, tulalamike kwamba imechelewa kutufikia.

"Moja akianguka, bote batanguka."

Aliyeandika hivi anajua masomo vizuri! Ni kweli, shindano inaweza kuleta kizunguzungu, hasa kwa mutu aliyeogopa sana, aliyesimama ku jua, ao asiyekula. Katika mwaka 2014, mu muji wa El Carmen de Bolívar, inchi ya Colombia, mamia ya wasichana wa masomo walianguka, wakatetemeka, wakasikia miguu imekufa. Waliwapeleka ku hospitali. Serkali ilichunguza, na wachunguzi walisema si chanjo iliyoleta mambo hayo. Ni woga uliopita toka mutu mpaka mutu, sawa moto mu majani makavu. Wasichana wale hawakudanganya, walisikia maumivu kweli. Lakini picha zao zilizunguka inchi nzima, na watu wengi sana wakaacha chanjo.

Tunajifunza nini? Siku ile mule asubuhi, hata bukari ya jana. Muketi wakati wa kuchanjwa, na mubaki muketi dakika 15. Anayeogopa sana achanjwe kando, si mbele ya wenzake. Mambo mengine yanayoweza kutokea ni mukono kuuma na kuvimba kidogo, kichwa kuuma, ao homa ndogo. Yanapita kwa siku moja ao mbili. Mutu ambaye mwili wake umekataa dawa fulani kwa nguvu zamani, aliye mugonjwa na homa kali, ao aliye na mimba, amwambie munganga mbele.

"Mama amekatala."

Usimutukane mama, wala usimufiche. Muulize anaogopa nini. Mara nyingi utakuta mama hakuambiwa kitu, alisikia tu ku soko. Mupeleke gazeti hili, umusomee. Mwambie anaweza kuja kumuuliza munganga mwenyewe. Mama aliyepata jibu anakuwa musaidizi.

"Mungu njo munganga wangu."

Amina. Lakini Luka naye alikuwa munganga, na Mtume Paulo anamutaja kwa upendo katika barua kwa Wakolosai. Kumbukeni tena mwanamuke wa Marko sura ya 5, aliyetokwa na damu miaka 12. Alitumia mali yake yote kwa waganga. Alikuja nyuma, kwa siri, sababu ya haya. Yesu hakumuacha aende kwa siri vile. Alimufanya aseme mbele ya watu, na alimuita binti. Hatuoni pahali Bwana alimuuliza alipata ugonjwa ule kwa dhambi gani. Sisi tunaomuhubiri, kwa nini tunauliza?

5. WENZETU WALIFANYA NAMNA GANI?

Tusifikiri ni sisi tu tunaoogopa. Tuangalie majirani.

Mwanza, Tanzania, ku ziwa kubwa, watu walipoulizwa mbele ya chanjo kuanza, wengi hawakuwa wamesikia hata jina la kansere hii. Walisema chanjo ni kitu chema, lakini waliuliza maswali yale yale: haitaleta utasa? Kwa nini wasichana wa umri huu? Basi wakafundishwa kwanza. Kisha, katika mwaka 2010 na 2011, masomo 134 yalipewa chanjo. Wakati ule ilikuwa dozi tatu. Dozi ya kwanza ilifikia wasichana 85 hivi kwa 100, ya tatu 76. Katika masomo mengine walichanja kilasi ya sita nzima, katika mengine walichagua wasichana kwa mwaka wa kuzaliwa. Pale walipochanja kilasi nzima, wengi zaidi walifika mpaka dozi ya tatu. Tunaelewa vizuri: watu hawajui sikuzote mwaka wa kuzaliwa, na musichana anayeitwa peke yake toka kilasi anaonekana sawa mwenye kosa.

Rwanda ilikuwa inchi ya kwanza ya Afrika kuchanja wasichana wa inchi nzima, katika mwaka 2011. Wasichana 93,888 wa kilasi ya sita ya musingi walipata dozi ya kwanza, ni kusema 95 kwa 100. Dozi ya tatu ilifikia 93 kwa 100. Wasichana wasiokuwa ku masomo hawakuachwa. Wajumbe wa afya wa vijiji waliwatafuta ku nyumba. Uganda ilianza inchi nzima katika mwaka 2015, Tanzania katika 2018, Kenya na Zambia katika 2019. Zambia iko karibu nasi. Wengine kati yetu wana ndugu kule.

Tena, dada zetu wanaosema Kiswahili walisaidia dunia nzima. Mu Mwanza wasichana 930 wa miaka 9 mpaka 14 walikubali kufuatwa na wataalamu ili ijulikane kama dozi moja inatosha. Mu Kenya, vijana wanawake 2,275 wa Kisumu, Thika na Nairobi walifanya vile vile, na dozi moja ilizuia aina ya 16 na 18 kwa 97 kwa 100 katika muda wa miezi 18. Kwa sababu ya kazi za namna hii, OMS ilisema katika mwaka 2022 kwamba hata dozi moja inaweza kutosha kwa wasichana. Tanzania ilianza kutoa dozi moja katika mwaka 2024. Kwa pahali sawa Kisenge hilo ni jambo kubwa. Chanjo inapaswa kukaa mu baridi ya digri 2 mpaka 8, wala isigande. Kuileta mara moja toka mbali, mu njia ya matope ya mwezi wa kwanza, ni kazi. Kuileta mara tatu ni kazi mara tatu.

6. BASI TUFANYE NINI?

Kwanza, siku wanganga watakapoingia mu kilasi na sanduku la baridi, tusijifiche mu choo wala mu majani. Tuulize. Maswali haya yanafaa: Chanjo hii inaitwa nani? Inakamata aina gani za HPV? Ni dozi ngapi? Nikisikia vibaya usiku, niende kwa nani? Munganga muzuri hakasiriki akiulizwa. Tena tupokee karatasi ya chanjo, tuitunze pamoja na karatasi ya ubatizo.

Pili, ninyi wa kilasi za juu, mulio na miaka 15 na zaidi. Wadogo wanatangulia, lakini chanjo inaweza kusaidia hata baadaye. Ulizeni kama nafasi iko. Anayetumia dawa ya sida amwambie munganga kwa siri, maana kwake dozi zinapaswa kuongezwa.

Tatu, tukumbuke wale wasioketi mu kilasi. Chanjo inayotolewa ku masomo inapita pembeni ya musichana aliyeacha masomo kwa kukosa feza ya minerval, aliye ku shamba, anayeosha mawe, ao anayeuza mikate ku gare. Yeye ndiye hatari inamuangalia karibu kuliko sisi. Kila moja wetu ahesabu wasichana wa miaka 9 mpaka 14 wa avenue yake wasiosoma, na tupeleke hesabu kwa wanganga mbele ya siku.

Ine, tuseme na mama zetu. Chanjo haikamati aina zote za HPV, na wao imewapita. Lakini wanaweza kupimwa. Tangu miaka 30, na tangu 25 kwa mwenye virusi vya sida, inafaa mwanamuke aangaliwe mulango wa kizazi. Kuna namna rahisi: munganga anapakaa siki kidogo, na pahali pabaya panageuka peupe. Ikipatikana mapema inatibika, mara nyingi siku ile ile. Damu isiyo ya siku zake, damu baada ya tendo la ndoa, ao damu kwa mama aliyekoma kuona mwezi, isingojwe hata kidogo.

Ndugu, katika mwaka 2020 OMS iliomba kila inchi ifikishe hesabu tatu mbele ya mwaka 2030: wasichana 90 kwa 100 wamechanjwa, wanawake 70 kwa 100 wamepimwa, na wagonjwa 90 kwa 100 wametibiwa. Hesabu hizo zinaonekana kubwa na za mbali. Lakini 90 kwa 100 katika kilasi ya wasichana 20 ni 18. Wale 18 wana majina, tunakaa nao benchi moja. Neno la moja kwa mwenzake, likisemwa kwa upole, linaweza kumurudisha yule wa 18 aliyetaka kutoroka.

Kisanduku kingali pa mulango wa maktaba. Endeleeni kuandika. Tena tungefurahi zaidi siku moja musichana akija kuuliza kwa sauti, pasipo kukunja karatasi.

Sisi wenu katika kazi,
Wanafunzi wa Kikundi cha Afya